Stelingi Hafi, Ndivyo Tulivyokuwa Tunasema

Berea, Johannesburg. Jumamosi, Agosti 2018.

Upepo wa Agosti umeanza leo. Umebeba vumbi la vilima vya migodi na kuliingiza mpaka kwenye kopo la sukari. Baridi inaaga, lakini inaaga kwa kuuma. Nina hasira tangu jioni na sijui nimkabidhi nani.

Nianze mwanzo, maana mnaopita hapa kunisoma si wote mnaonijua. Siku za kazi mimi ni kinyozi, mtaa wa Bertrams. Jumapili mchana natafsiri sinema. Kazi hiyo nilijifunza kwetu Tanga, kwenye kibanda umiza. Unakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, sinema inaongea Kichina au Kihindi, wewe unaisimulia kwa Kiswahili. Lugha yenyewe huijui na hakuna anayekudai uijue. Unasoma nyuso za watu, unawapa majina ya kwetu, unachomekea utani, mambo yanakwenda. Sheria ni moja, na kila aliyekulia kibanda umiza anaijua kuliko sala zake.

Stelingi hafi.

Mhusika mkuu akipigwa risasi, imempata begani. Akitumbukia mtoni, subiri, ataibukia chini huko. Mtafsiri atakayemuua stelingi ajiandae kurushiwa viti.

Hapa Berea tunaoneshea chumba cha chini cha jengo letu, kilichokuwa cha kufulia nguo enzi za wazungu. Wanakuja Wakongo, Watanzania, Warundi, na watoto wao ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kizulu. Na sinema wanayoipenda kuliko zote, utashangaa, haina hata ngumi moja.

Ni ya mzee mmoja wa Kerala, kusini mwa India. Ni mwandishi wa riwaya kwa Kimalayalam, ambaye ukubwani alishika kamera akazigeuza riwaya zake mwenyewe kuwa sinema. Jina lake refu, nikaona litanikata pumzi. Nikambatiza Mzee wa Mvua, kwa sababu hajawahi kutoa sinema ambayo mvua hainyeshi. Diski nilipewa na mwenye duka mmoja wa kwao huko Fordsburg, na haikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Nilimuuliza inahusu nini. Akasema, "Mama, mtoto, ng'ambo," akarudi kupima mchele wake.

Maneno hayo matatu yalinitosha.

Mama anasokota kamba za makumbi ya nazi mbele ya nyumba, vilevile kama wanavyosokota kwetu. Kijana wake, ambaye mimi nilimpa jina la Musa, anakwenda Uarabuni kutafuta maisha. Miaka inapita, mvua inanyesha, mama anasokota. Mwisho kabisa anatokea mtu juu ya tuta la mashamba ya mpunga, kajitwika sanduku la bati. Sanduku limemfunika uso. Jirani mmoja mzee anatamka maneno machache. Mama anasimama mlangoni, anajifuta mikono kwenye nguo yake. Imekwisha.

Hapo mimi hupaza sauti mpaka spika inakoroma. "Musa kaja! Mama Musa, toka nje, mtoto kaja!" Chumba kizima kinalipuka kwa vigelegele.

Anayeviongoza ni Mama Furaha. Ni mama wa Kikongo kutoka Uvira, anasuka nywele, anaishi ghorofa ya tatu. Mwanawe Furaha alikwenda Cape Town kutafuta kazi, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mwaka jana kijana mmoja alimletea mama huyu begi la Furaha, limefungwa kufuli. Akasema mwenyewe atalifuata, akaondoka bila hata kunywa maji. Mama Furaha akalipandisha juu ya kabati. Hajalifungua mpaka leo. Ukimwambia labda ndani kuna chochote cha kusaidia kumtafuta, anakujibu kwa sinema yangu: "Sanduku ikifika, mutoto iko chini yake." Hakuna aliyebishana naye. Mimi ndiyo kabisa sikuthubutu, maana nilikuwa nikimsikia akisema hivyo navimba kichwa.

Basi wiki hii mteja mmoja, nikiwa nampunguza ndevu, akaniambia Mzee wa Mvua yupo Johannesburg. Sinema ile ile itaoneshwa leo chuoni, Braamfontein, halafu mzee atazungumza na watu. Nilimwambia Mama Furaha kama mtu anayetoa habari njema. Akasema lazima aende amshukuru kwa mdomo wake. Akavaa kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikakaa kama bati, na kilemba cha kanisani. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya shukrani zake. Hata tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, kungoja magari yapite, midomo yake ilikuwa inacheza.

Ukumbi ulijaa wanafunzi wenye vikombe vya kahawa. Taa zikazimwa.

Sijawahi kuiona sinema ile bila sauti yangu. Na safari hii kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Mwanzoni nilifurahi, nisiseme uongo. Mengi nilikuwa nimeyapata kwa kukisia tu. Yule niliyemfanya mchawi kumbe ni mwalimu wa shule, nikacheka kimoyomoyo. Mama Furaha, ambaye Kiingereza cha kusoma hana, wala hakukihitaji. Alikuwa ananong'ona utani wangu mwenyewe, kila mmoja mahali pake.

Tukafika kwenye tuta. Mvua, sanduku, mama mlangoni. Jirani mzee akafungua mdomo, na chini pakaandikwa: Huyu ni mwenzake, ameleta sanduku. Mtoto wako wamemzika huko huko.

Nilisoma mara moja. Maandishi yakaondoka.

Mama Furaha alikuwa anatabasamu huku anajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Alipovuta pumzi ili apige kigelegele nilimshika mkono. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria yeye. Nilijifikiria mwenyewe, na Jumapili zangu, na watu wote wale chumba cha kufulia.

Kisha mzee akapanda jukwaani. Ni mdogo wa umbo, shati jeupe, sweta, kandambili na soksi. Alizungumza Kiingereza cha polepole. Alisema amezaliwa kando ya maji, mama yake akisokota kamba hizo hizo tulizoziona. Alisema alifundisha shule ya msingi na kuandika riwaya zake nyuma ya karatasi za mitihani za wanafunzi. Alisema ametengeneza sinema chache maisha yake yote kwa sababu alikataa kuweka nyimbo, na matajiri wa sinema za kwao bila nyimbo hawakuelewi. Hakuwa anambembeleza mtu. Nilimpenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ulipofika wakati wa maswali, Mama Furaha alisimama kabla sijamuwahi. Wakamletea kipaza sauti. Akakishika kama mimi ninavyokishika, karibu na mdomo.

"Papa, aksanti sana. Ule mutoto ulimurudisha ku mama yake. Na mimi wangu atarudi. Mungu akubariki."

Wakauliza nani atatafsiri. Nani tena? Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama amefurahishwa sana na sinema, anashukuru. Nikataka kukaa.

Mhadhiri mmoja wa Kikenya, mtu wa tai na adabu, akanyoosha mkono. Akasema kwa heshima zote tafsiri haijakamilika. Akaikamilisha. Neno kwa neno, mpaka lile la "wangu atarudi".

Wanafunzi wakacheka. Si kwa ubaya, labda. Walicheka kama watu walioliona kosa kabla ya kumwona mwenye kosa.

Mzee hakucheka. Alimgeukia Mama Furaha akazungumza, na mhadhiri akatafsiri.

"Mama, anasema pole sana. Yule kijana amefariki. Aliyebeba sanduku ni rafiki yake."

Kiswahili safi kabisa. Mtihani angepata mia.

Mzee akaendelea. Alisema yule ni kaka yake mwenyewe. Sanduku lilipoletwa, mama yao aliliweka pembeni ya kitanda, akawa analipangusa vumbi na kumwambia kila mgeni kwamba mwenyewe yuko njiani. Akamzuia kila mtu kuligusa. Mzee aliandika riwaya ile ili mama aelewe, lakini mama hakujua kusoma, na hakuna aliyethubutu kumsomea. Ndipo alipokwenda kujifunza kamera. Kumbe hiyo ndiyo sababu iliyomtoa kwenye kalamu. Alitaka mama aone kwa macho yake.

Sinema ilipokamilika, mama alikuwa ameshazikwa. Sanduku alilifungua yeye baada ya matanga.

Mwanafunzi mmoja, Mungu amsamehe, akauliza ndani kulikuwa na nini.

"Vitu vya mtu aliyekusudia kurudi," alisema mzee.

Mhadhiri akatafsiri na hilo. Mama Furaha akakaa chini polepole, kipaza sauti bado mkononi, mpaka wakaja kukichukua.

Nimekuwa nikigombana na yule mzee kichwani tangu hapo. Umemchelewea mama yako, sasa umelipiza kwa mama wa watu? Ungepungukiwa nini ungetikisa kichwa tu ukasema amina? Wewe kesho unapanda ndege. Sisi tunapanda ngazi na huyu mama, lifti yetu imekufa zamani. Halafu najibiwa, na sauti inayonijibu ni ile yake ya polepole: kinyozi, wewe mwenyewe ungemwachia mpaka lini?

Mhadhiri alinifuata mlangoni akanipa kadi yake, akasema kazi yangu ya Jumapili inamvutia sana, angependa tuzungumze. Nimeiweka mfukoni kwa sababu sikujua mtu anatupa wapi kadi ya mtu aliyesimama mbele yake.

Tulirudi kwa miguu, kama tulivyokwenda. Tulipofika kwenye robot ile ile, kijani ikawaka na Mama Furaha hakuvuka. Ikawa nyekundu. Watu wakatupita huku na huku, kijana mmoja akasema eish, mnaziba njia. Ikarudi kijani.

"Tanga," aliniita. Ndilo jina wanaloniita hapa. "Weye ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mama. Haki ya Mungu nimeona leo kama wewe."

Ni kweli tupu. Nadhani aliniamini, na kuniamini kwake hakukunisaidia kitu.

"Lakini ulikuwa unasema kama mutu mwenye anajua."

Mimi, ambaye hata nyati wa shambani kwenye sinema ile nimempa maneno ya kusema, nilimwonesha tu kwa kidole kwamba taa ni ya kijani. Tukavuka.

Kwenye ngazi alipumzika kila ghorofa, na mimi nikapumzika naye. Mlangoni kwake alifungua, na kutoka pale niliposimama niliona kabati, na juu yake begi. Ni la buluu. Limefunikwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni. Alinigeukia. Kilemba kilikuwa kimelegea na hakujali kukiweka sawa.

"Kesho asubuhi, mbele ya kwenda kanisa, uje unifungulie ile begi. Ulete kitu ya kukata kufuli."

Nikasema ndiyo, mama, nitakuja.

"Na usinitafusirie. Nitaangalia mwenyewe."

Akafunga mlango.

Nimeazima koleo la kukatia kufuli kwa jirani, lipo hapa karibu na viatu. Kesho kutakucha, hilo halina ubishi, na mchana chumba cha kufulia kitajaa kama kawaida, watu watataka sinema yao. Sijui nitawaambia nini yule mtu akitokea kwenye tuta. Lakini hilo ni la mchana. La asubuhi ndilo gumu: kusimama kando ya yule mama, begi liko wazi, na mimi nimefunga mdomo.

Tangu nirudi najaribu kukaa kimya, nijizoeze. Nimeshindwa. Ndiyo maana naandika.