Kumfuata Mzee Haroub

Baba Hope, maharage yameiva, yaunge tu. Hope umchukue shuleni saa tisa.

Mie nimekimbilia Buguruni kumtafuta Mzee Haroub. Asubuhi nilikuwa naoga, nikamsikia getini akimuulizia mwandishi. Juzi alinipigia simu, leo kaja mwenyewe hadi Boko, anataka niandike historia ya duka la ukoo wao la huko Buguruni, kitabu kizima! Ukamjibu, "Mwandishi? Hapa yupo mke wangu tu, hana kazi." Nilipotoka na khanga, kashapanda bajaji. Simu yake haipatikani.

Miaka minne naandika kwenye meza hii: hotuba za harusi, wasifu wa marehemu, hata barua yako ya kuomba cheo.

~~Nitawahi kurudi nipike wali.~~ Wali pika wewe.

Kinachoniuma ni kwamba hukusema kwa ubaya. Ulisema unachokiamini.

Mama Hope