Gari Linalochemka Kwenye Salamu

Jumatatu, 8 Julai 2024

Tangu Pasaka sijaandika hata mstari mmoja. Daftari halikunikosea, mwenye kuomba radhi ni mimi. Sababu ni gari. Sikupenda kuandika kila siku neno lile lile: limechemka.

Leo limechemka. Mbele ya kanisa, watu wakitoka misa ya asubuhi! Mvuke mwingi katika baridi hii. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza kama chai iko tayari. Shikamoo hakutoa.

Edith, binti yangu, amekuja likizo kutoka Mbeya na neno moja mdomoni: liuzwe. Mzee hafai kuachwa njiani na gari bovu. Kaka yake Yusto atanipeleka ninakotaka. Yusto! Nimngoje Yusto aamke ndipo nikasali?

Nimemjibu kwamba ubovu hutengenezwa. Likipona, hoja yake imekufa.

Jumanne, 9 Julai

Majengo, kwa fundi Ignasi. Ameshabadili rejeta, ameshatoa themostati. Leo anasema ni gasketi, injini ifunguliwe. Nimemwuliza amejuaje. "Mzee wangu, gari yako imechoka tu." Gari langu, nikamwambia. Na kuchoka si ugonjwa.

Akaliendesha mwenyewe hadi Mwimbi, vilima vyote. Amerudi na magunia ya ulezi ya mama mkwe wake. Hiyo ndiyo aliyoiita kulijaribu. Halikuchemka! Nikalichukua mimi kutoka Majengo hadi hapa Milanzi, kipande kifupi tu. Limechemka. Nilipompigia simu alicheka sana. "Basi mzee, gari inakuogopa."

Jumatano, 10 Julai

Josefina, mke wangu, amesema jambo huku akimenya viazi. Kwamba gari huchemka nikisimama kwa mzee Leonardi, kwa Kalista na kanisani. Barabarani, kamwe. "Wewe huendeshi, baba Edith. Unatembelea watu ukiwa umekaa ndani ya gari."

Nimekasirika. Kisha nimefikiri.

Ni kweli kwamba sipiti mtu mzima bila kusimama. Mfipa wa rika langu hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Aulizwe nyumba, ulezi, wakwe, na yule aliyekuwa akiumwa. Na injini siizimi. Ukizima, umetangaza kwamba umekuja kukaa, na ukikaa huondoki bila kunywa. Injini ikinguruma, kila mtu anaelewa kwamba una safari. Hakuna anayeudhika.

Kumbe basi, linachemka likiwa limesimama tu. Likienda, upepo wa huku unalipoza. Likisimama, nani wa kulipoza? Feni!

Alhamisi, 11 Julai

Feni haizunguki.

Tumesimama mimi na Ignasi mbele ya boneti iliyo wazi, injini ikinguruma, nami nimemsalimu kwa urefu kamili, kama ninavyomsalimu Leonardi. Nilipofika kwenye swali la wakwe, mshale wa joto ulikuwa umeshapanda. Feni kimya. Ignasi akapiga makofi: "Hee! Kumbe kipimo chenyewe ni kupiga stori!" Soketi ya waya wa feni ilikuwa imeungua. Ameweka nyingine. Feni ikavuma.

Wakati wa kurudi nimesimama kwa Leonardi mpaka akaniuliza kama nina shida. Halikuchemka!

Nimemshukuru Josefina. Kwa ufupi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemtangazia Edith wakati wa chakula cha jioni. Amefurahi, amenikumbatia, ametoka nje na simu. Amerudi na habari: "Baba, mnunuzi amepatikana. Sayi, yule mfugaji wa bondeni. Lilipokuwa likichemka nani angelitaka?"

Kwa hiyo miezi yote hii ugonjwa ule ulikuwa ukinilindia gari. Nami nimeuponya.

Nimesema hoja ilikuwa ubovu. Edith akasema hoja ilikuwa macho yangu, ila aliona vibaya kunitamkia. Akataja mbuzi wa Kalista. Mbuzi yule hakugongwa, alijigonga. Nimemtazama Josefina aniunge mkono. Alikuwa akitazama sahani yake.

Jumamosi, 13 Julai

Sayi yuko sebuleni. Amevua kofia, ameinama, ametoa shikamoo iliyonyooka. Mtu wa adabu. Inaudhi! Anataka tulijaribu, na tupite kwa Leonardi, kwa kuwa wanafahamiana na hawezi kumpita bila kusimama. Akalisifu gari kabla ya kuliona. Edith anamimina chai.

Josefina amenifuata mlangoni. "Ukitaka kukataa, kataa. Lakini useme kwa mdomo wako." Nimemwambia ninakwenda kupasha injini moto.

Boneti iko wazi. Soketi ya feni inachomoka kwa vidole viwili, bila spana. Nimejaribu. Imechomoka. Nimeirudisha. Tukisimama kwa Leonardi bila feni, Sayi ataondoka na pesa zake, Edith atarudi Mbeya, nami kesho nitakwenda misa kwa gari langu. Hakuna atakayekuwa amesema uongo. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa ninawachapa watoto kwa hoja ya namna hii hii.

Ninaandika haya daftari likiwa juu ya betri, kando ya injini. Sayi ametokea barazani: "Baba, twende?" Nimemwambia injini bado ni ya baridi. Si kweli, ina moto wa kutosha tangu aya iliyotangulia.

Mkono wa kushoto umerudi kwenye soketi. Sitaandika neno jingine humu mpaka niwe nimeamua. Nikiamua nitaliandika jambo kama lilivyo, hata kama ni la kunifedhehesha.