Maua Uliyoyakausha Kivulini

Baba yangu mpendwa,

Leo asubuhi nimekata maua, umande ulipokauka tu. Nilipokuwa nafunga uzi nimekukumbuka sana, nikasema niketi nikuandikie, ingawa najua hakuna wa kukufikishia.

Wengi huko kwetu wanakukumbuka kwa kuchuma karafuu. Mie nakukumbuka tangu ulipoanguka mkarafuuni ukavunjika nyonga, ukaambiwa hutapanda tena. Ukawa unashinda umelala barazani kwetu Jadida, hata mama akaogopa. Kisha siku moja ukaomba jembe. Ukalima uani huku umeegemea mkongojo, ukapanda yale maua ya duara ya zambarau, magumu kama vishikizo, na yale mekundu yanayofanana na kilemba cha jogoo.

Wenzako wakacheka. "Mzee mzima na maua!"

"Miguu imekataa," ukawajibu, "mikono haijakataa."

Mavuno ya kwanza uliyaanika juani juu ya jamvi, kama karafuu. Yakapauka yote. Hukukata tamaa. Mara ya pili ukayakata kabla hayajachanua kabisa, ukayafunga mafungu madogo, ukayatundika vichwa chini chumbani mwako, pepo zipite lakini jua lisiingie. Tukija kukuamkia tunaingia tumeinama. Yalipokauka, rangi ilikuwa ile ile.

Ikaja harusi yangu. Mvua haikukatika wiki nzima, na asumini tuliyoagiza ikaletwa imelowa, imeoza. Mama analia, na wanawake wa upande wa bwana harusi washafika kutoka Micheweni. Weye ukatoka chumbani na shada kubwa mkononi.

Mama mkwe akalitazama. "Hili la plastiki?"

"La uani kwangu, Bi mkubwa. Liguse."

Akaligusa, akawaita wenzake nao waguse. Siku ile ulitembea na mkongojo wako kifua mbele, na mie ndani ya ushungi wangu nilikuwa natabasamu peke yangu.

Ulipofariki nilichukua mbegu zako nikaja nazo huku Micheweni. Wakaniambia kwenye mawe haya maua hayaoti. Nikabeba udongo kwa ndoo, nikauchanganya na samadi ya mbuzi, nikajaza kila penye nafasi baina ya mawe. Yakaota, Baba. Majirani walikuja kutazama, wakaomba mbegu, na sasa tunafanya kazi hii pamoja. Maharusi wa Chake Chake wanatuagizia mashada, na wakishaolewa wanayaweka sebuleni miaka.

Wiki iliyopita tulialikwa kwenye maonesho ya wakulima huko Chake. Ukumbi umejaa. Kijana mwenye kipaza sauti akaniuliza, "Bi Asha, kazi hii umeisomea wapi?"

"Jadida," nikasema. "Uani kwa baba yangu."

Watu wakapiga makofi. Nikawangoja wanyamaze. Kisha nikalitaja jina lako, lako na la babu, polepole, ili wenye kuandika waandike.

Mola akurehemu na akuridhie, Baba.

Ni mie,
binti yako