Orodha Niliyoandika Nikiwa Karani

Mpendwa Chebet,

Nyanya yako anakusalimu, na ng'ombe wetu wa Ainabkoi amezaa. Mimi pumzi inakatika, basi nakuandikia mapema.

Umeuliza kama uiamini programu ya simu inayosema nyumba za Eldoret ni bei rahisi. Naogopa, mjukuu wangu. Nikiwa karani kijana niliandika orodha kama hiyo. Wapangaji walisema "nyumba" wakimaanisha chumba kimoja. Mimi msomi nikaandika nyumba nzima. Mama mmoja akaiamini, akahamia na watoto sita.

"Karani, hii ni sebule. Kwingine kuko wapi?"

Nikaona aibu. "Ufunguo unakuja, Mama," nikasema, nikaondoka. Sijawahi kumwambia mtu.

Aliyejaza programu yako, aliingia ndani? Usilete watoto kabla hujaingia mwenyewe.

Babu yako