Kona Isiyotiwa Gundi

Barazani kwenu, Mchafukoge,
Dar es Salaam.
Jumamosi, 19 Novemba 1983

Kwako ndugu yangu Saif,

Salamu nyingi zikufikie huko Muscat, wewe, shemeji Nunu, na huyo mtoto ambaye mpaka leo simjui sura. Ukitaka kujua hali yangu, mwili hauna neno. Nakula, nalala kidogo, nafanya kazi inapopatikana. Mvua za vuli zimeanza kwa hasira, na bomba la uani limerudi kutoa maji, kwa hiyo ugomvi wa ndoo kati ya mama yako na wapangaji umepoa. Bi Zeina mwenyewe ametoka eda wiki iliyopita. Amekonda, lakini anatembea, na sauti yake ya kuamrisha iko palepale.

Barua yako ya Oktoba niliipata. Umeniandikia kwamba mimi ndiye mtu mwaminifu pekee aliyebaki Mchafukoge, na kwamba tangu marehemu baba yako afe mahabusu unamshukuru Mungu kwamba nipo mlangoni kwenu. Niliisoma mara moja, nikaikunja. Sijaweza kuifungua tena, na nakuomba uvumilie mpaka mwisho wa hii ndipo ujue sababu.

Uliuliza kuhusu kasha la fidla. Limekwisha, na ndilo linalokuja pamoja na barua hii. Hukuliona lilivyokuwa, maana ulipoondoka mwaka sabini na tisa ulibeba fidla imefungwa shuka na kasha ukaliacha juu ya kabati. Mwezi wa Februari mwaka huu baba yako alipolishusha, kifuniko kilimbakia mkononi na kasha likabaki juu. Mchwa walikuwa wamekula chini, bawaba zilikuwa kutu tupu, na mpini ulishikiliwa na kamba ya katani. Nilimwambia linafaa kuchomea samaki. Akanijibu kwamba mimi nikifika umri wa kasha hilo sitafaa hata kwa kazi hiyo. Unamjua Mzee Sheikhan. Alitaka fidla aliyoipiga yeye ujanani ilale tena kwenye kasha lake, na wewe uione imelala.

Basi nikaanza, Saif, katika mwaka ambao hata msumari unautafuta Kariakoo nzima. Ubao wa chini niliutoa kwenye kreti la chai. Bawaba ni za sanduku la cherehani lililokufa. Ngozi ya pembeni ni ya mkoba wa mwalimu mmoja aliyechoka kuushona. Gundi ya dukani hakuna, kwa hiyo nilipika ya unga wa muhogo na shabu, kama nilivyofundishwa. Kikabaki kitambaa cha ndani. Nikapendekeza kaki. Mzee akakasirika, akasema mwanawe si askari na fidla si bunduki. Kesho yake akaja na kitu amekibana chini ya kanzu: yadi mbili za mahameli, rangi ya damu ya mzee, mpya kabisa, imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani. Akaniambia nisiulize. Sikuuliza.

Hapa lazima nikukumbushe jambo. Mzee Kitwana, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi nilipoteremka kutoka Kibosho sijui hata kushika sindano ya ngozi, alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku moja. Kabla ya kugandisha bitana, lazima fundi aandike kwa penseli juu ya ubao mtupu: jina lake, jina la mwenye kasha, na jina la aliyetoa kitambaa. Bitana inafunika, hakuna anayeona, lakini majina yapo. Nilipong'oa bitana ya zamani ya kasha lenu niliukuta mwandiko wake mwenyewe, kwenye kona ya kushoto: Fundi Kitwana. Kasha la Sheikhan. Kitambaa cha Nasor bin Hilal, 1938. Huyo Nasor alikufa wewe na mimi hatujazaliwa. Nilimwita baba yako aje aone. Aliupitisha kidole ule mwandiko polepole, akacheka, halafu akafuta macho kwa kilemba. Akaniambia niandike na ya kwetu chini yake.

Nikaandika: Fundi Severine. Kasha la Saif. Kitambaa cha Sheikhan, 1983. Nikapaka gundi, nikalaza mahameli juu.

Gundi ya muhogo haikauki upesi wakati wa masika. Ikabidi kasha likae wazi hapa barazani siku kadhaa, na sitakuficha kwamba sikuchukia. Wapita njia walikuwa wakisimama. Wengine waligusa ile mahameli kwa kidole kimoja kama wanaogopa itawauma. Mimi nimekaa pembeni nimevimba kichwa. Wiki hiyohiyo ndiyo ile kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi ilipopamba moto, watu wakimwaga sabuni mitaroni na kutupa vitenge majalalani ili wasikutwe navyo. Baba yako alikataa kutupa chochote. Alisema kitambaa hakina mdomo. Mtu mwenye akili angelifunga lile kasha akaliingiza ndani. Mimi niliacha wazi.

Yaliyofuata nilikuandikia mwezi wa Aprili: kwamba wakaguzi walikuja asubuhi ya Alhamisi na balozi wa nyumba kumi, wakaenda moja kwa moja stoo ya nyuma, wakatoa majora kumi na moja na katoni za sabuni, wakamtia Mzee kwenye Landrova na kanzu yake ya kazini. Nilikuandikia kwamba walikwenda kama watu walioelekezwa. Ukajibu kwamba ufunguo wa stoo ile ulikuwa kwa watu wawili tu, baba yako na Shaibu, na kwamba Shaibu ndiye aliyemuuza. Ukaagiza atolewe kwenye chumba cha uani kabla mwezi haujaisha. Bi Zeina akatekeleza. Mzee wa watu, miaka thelathini na moja anabeba majora ya nyumba hii mgongoni mpaka mgongo ukapinda, akatoka na mkeka, birika na redio isiyo na betri. Nilimsaidia kubeba redio.

Alikwenda kujibanza kwa mtu mmoja Mchikichini, kibandani, kwenye sakafu ya udongo. Tarehe mbili Julai baba yako alipofia mahabusu kwa shinikizo la damu, Shaibu alikuja msibani. Wanaume walimwacha asimame barabarani. Hakuna aliyempa hata sehemu kwenye mkeka. Alisimama hivyo mpaka jeneza likatoka, akalifuata kwa nyuma peke yake.

Sasa nakupa habari yenyewe, Saif. Shaibu amefariki Jumanne iliyopita. Alikuwa amevuka Magogoni kwenda kwa binti wa dada yake huko Kigamboni, kifua kimembana, na hakurudi. Nilivuka Jumatano kwenda kuzika. Tulikuwa watu tisa. Yule binti aliniuliza kama kutoka Muscat kumekuja jibu lolote, kwa sababu mjomba wake alikuwa akiuliza mpaka siku ya mwisho.

Aliuliza kwa kuwa alikuandikia mara mbili. Shaibu alikuwa hajui kusoma wala kuandika, wewe unajua. Mwezi wa Juni alikuja hapa barazani, akavua kofia, akaniomba mimi nimwandikie. Alisema hakuwaambia wakaguzi neno, na kwamba ufunguo wake ulikuwa shingoni chini ya fulana siku ile nzima. Hakuomba chumba. Aliomba tu wewe umwamini, kwa sababu alikubeba mgongoni ukiwa na surua. Niliandika kila neno. Nikamsomea, akaitikia kwa kichwa, akaweka dole gumba. Mwezi wa Agosti akarudi kwa barua ya pili, fupi zaidi. Aliuliza kama ile ya kwanza imekukasirisha.

Sikuzipeleka posta. Zote mbili nilizitia kwenye droo ya meza yangu, chini ya ngozi. Kila alipopita kuuliza nilimwambia Muscat ni mbali. Mara ya mwisho nilimwambia labda umesoma na bado unafikiri. Amekufa akiamini kwamba ulimsoma ukanyamaza.

Na sababu ya kuzificha ni hii, ambayo nimeizunguka kurasa zote hizi kama mwoga nilivyo. Siku ile ya Alhamisi wakaguzi hawakwenda stoo moja kwa moja. Walisimama kwangu. Waliona mahameli. Waliniuliza imetoka wapi, nikawaambia ni ya zamani. Mmoja wao, mwenye miwani, akaibana kona ya kushoto kwa vidole viwili, na kwa kuwa gundi ilikuwa bado mbichi ikainuka yote. Akaona maandishi. Penseli ilikuwa imelowa na kuchafuka, hakuweza kuisoma. Akanisukumia kasha na kuniamuru nisome kwa sauti, akaniambia nikisema uongo nitapanda gari mimi.

Saif, mbele ya macho yangu kulikuwa na mistari miwili. Wa juu ulikuwa wa Nasor bin Hilal, mtu aliyezikwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita, ambaye hakuna Landrova ambayo ingemfikia. Wa chini ulikuwa wa baba yako. Ningeweza kusoma wa juu. Walikuwa hawawezi kunipinga. Mzee Kitwana alikuwa ameniachia njia ya kutokea toka mwaka 1938, na mimi nilisoma wa chini. Nilisoma vizuri, bila kukwama, mpaka na mwaka. Wakakata kipande cha mahameli pale konani kwenda kukilinganisha na majora. Nilipoinua uso baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Alinitazama, akasema niingize kasha ndani maana mvua inakuja. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Naona aibu hata kuandika kwamba nasikitika. Nimekula chakula cha mama yako kila Ijumaa tangu Aprili, anakituma kwa bakuli la maua, na wakati wa eda nilijipa kisingizio kwamba siwezi kumsemesha mjane aliyejitenga. Leo asubuhi kisingizio kilikuwa kimekwisha. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza Shaibu amezikwa upande gani, nikamweleza. Halafu akaniomba nimrudishie bakuli lake.

Kesho nahama baraza hii. Sitakuandikia ninakokwenda, wala usinitafute kwa wema. Kama kuna duka au sebule hapo mjini ambamo ulimtaja Shaibu kuwa msaliti, nakuomba urudi humohumo ulitaje jina langu badala yake. Na kama una uwezo, mtumie yule binti wa Kigamboni mstari mmoja kwa mkono wako, aupeleke kaburini.

Kasha liko imara. Bawaba zitakaa, na mpini utabeba. Kwenye kona ya kushoto ambapo walikata, mahameli nyingine haikupatikana mji mzima, nikaweka kipande cha kaniki. Utaona hakifanani. Kona hiyo sikuitia gundi. Kabla hujailaza fidla, kiinue. Utayakuta majina ya zamani, na pamoja nayo barua mbili zenye dole gumba.

Msalimie Nunu. Mbusu mtoto, wala usimwambie busu limetumwa na nani.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako,

Severine, fundi