Sukari ya Mama

Kaka yangu,

Huku tunasukuma siku. Paka amezalia kabatini, na bomba la jikoni limeanza tena kulia. Umeniuliza ilikuwaje kwa daktari wa meno, nami nimekuwa nikikuzungusha.

Kabla ya kumpandikizia Mama lile jino la bandia, daktari alimuuliza, "Mama, una sukari?"

Mama akamjibu, "Niliiacha zamani, hata chai nakunywa bila."

Tukacheka wote watatu. Daktari akatoboa taya, akakaza skrubu ya jino. Mfupa haukushika, kidonda kikagoma kupona, sumu ikaingia kwenye damu, tukamzika.

Jana nilifungua mkoba wake. Nilikuta dawa za kisukari zimeviringishwa kwenye leso, pakiti hata hazijafunguliwa. Alilielewa swali, kaka. Angekubali, angeambiwa asubiri sukari ishuke kwanza, na yeye alitaka acheke bila pengo kwenye picha za harusi yako.

Usijilaumu. Ila siku hizi nami nakunywa chai bila, maana kila nikishika kijiko namsikia nyuma yangu: "Weka tu, mwanangu. Mimi sina."

Mdogo wako,
Kitindamimba