Miaka Mitatu ya Fiacre

Campbelltown,
New South Wales, Australia.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Mjomba Balthazar,

Pokea salamu zangu za heshima, na nyuma yangu salamu za wote waliomo katika nyumba hii. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mkaza mjomba Verdiane, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa Pasaka limetulia. Je, michikichi imezaa? Kila wiki Mama huniuliza kama huko Nyanza-Lac mmeanza kukamua mawese, kana kwamba mimi ndiye jirani yako na yeye ndiye aliyepotelea masomoni. Sisi hatujambo. Baridi imelegea, na leo Mama amekwenda misani bila koti kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Nianze na jambo linalonitia aibu. Mwezi Juni nilikuomba uende parokiani ukatafute jina la Kaka Fiacre katika kitabu cha ubatizo, ili tuupate mwaka wake wa kweli wa kuzaliwa. Tafadhali usiende. Kama umekwisha kwenda, nisamehe kwa safari na kwa goti. Sababu yake ni ndefu, nawe unanijua: tangu utotoni sijawahi kuwa na sababu fupi.

Huku Kaka hachezi kandanda tuliyoizoea. Anacheza futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake umechongoka ncha mbili kama papai changa, na huchezwa kwa mikono kuliko miguu. Mmoja hurusha. Mwingine, aitwaye mpokeaji, hukimbia njia waliyoagana kabla, hugeuka mahali walipoagana, na kuudaka mpira huku wapinzani wakimwangukia mgongoni. Kaka ni mpokeaji. Rafiki yake mmoja katika ghala la Wetherill Park alimpeleka mazoezini mwaka 2009, miaka miwili baada ya sisi kufika. Walimrushia mipira kumi, akadaka kumi. Walipomwuliza alijifunzia wapi, akawajibu: katika kambi ya wakimbizi, kwa mjomba wangu.

Hakuwadanganya. Nakuona bado nyuma ya lile kanisa la matofali mabichi, filimbi shingoni, ukimrushia mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba za mgomba. Mpira ule haukudunda, ukianguka, umeanguka. Ndiyo maana Kaka, golikipa wetu, hakuruhusiwa kuupangua; alipaswa kuudaka na kuukumbatia. "Usitazame mkono wangu," ulikuwa ukimwambia, "mkono ni mwongo. Tazama fundo." Kaka anasema kwamba hata leo, mpira ukiwa angani, macho yake hulitafuta fundo lile.

Nakiri kwamba nazipenda kumbukumbu hizi kuliko inavyoonekana kuwa adabu. Chuoni nilibishana mara nyingi na watu walioamini kwamba mkimbizi hana ruhusa ya kuikumbuka kambi kwa upendo. Vitabu vyao nimevisoma, na takwimu zao nazijua kuliko wao, maana shahada niliyoipata Aprili ni ya takwimu. Nilikuwa nikiwajibu kwamba hakuna anayetamani njaa. Tunawatamani watu ambao njaa iliwaweka karibu nasi. Hadi leo nikikwangua ukoko wa ugali namwona Baba akitugawia wa kwake na kusema kwamba meno yake hayaupendi. Tangu tumzike hapa Sydney, mwaka 2016, hakuna tena mtu nyumbani anayekataa ukoko.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Timu ya Kaka ya hapa Campbelltown, aliyoichezea misimu kumi na mitano, ilivunjika mwaka jana kwa kukosa watu. Wenzake wa rika lake walitundika viatu wakaanza kuota vitambi. Yeye alikwenda kujiandikisha kwa timu nyingine iitwayo Tai, inayofanya mazoezi karibu na Wetherill Park. Nafasi za wapokeaji zilikuwa sita, nao waliojitokeza kumi na mmoja. Ukimwondoa yeye, mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka ishirini na sita.

Kocha wao anaitwa Kelly, mwalimu wa shule mwenye ndevu nyekundu. Aliisoma fomu ya Kaka mara mbili.

"Arobaini na miwili," alisema. "Na siku ya mwaka mpya."

"Nyumbani kwetu sote tumezaliwa siku ya mwaka mpya," Kaka alimjibu.

"Basi mama yako alikuwa na siku ngumu."

Walicheka wote, na Kaka pia alicheka. Kisha kocha alimwambia kwa upole kwamba angefurahi kuwa naye kama msaidizi: awafundishe vijana, awapangie vifaa, awape maji. Kaka alimwambia kwamba maji atayabeba mwaka atakaposhindwa kukimbia, na kwamba kwa sasa aliomba kujaribiwa hadi siku ya mwisho kama wengine. Kocha alikubali, lakini kwa uso wa mtu anayekubali kwa adabu tu.

Mimi na wewe tunajua kwamba Kaka ana miaka thelathini na tisa. Sikuwa nimezaliwa mwaka ule wa 1997, lakini Mama amenisimulia hadi ninaiona foleni yenyewe: Baba amelala na homa, karani anataka mtu wa miaka kumi na minne au zaidi asimamie kadi ya chakula, na Fiacre, mwenye miaka kumi na mmoja na miguu mirefu kama korongo, anatumwa aseme amezaliwa 1983. Mama anasema ulisimama kando yake ukikohoa kila alipofungua kinywa, ili karani asiisikie sauti yake nyembamba. Karani hakuuliza siku wala mwezi. Aliandika mosi Januari, kama alivyowaandikia wote. Kwa miaka kumi iliyofuata Kaka ndiye aliyekwenda kabla ya jua kuchomoza, akasimama, akarudi na mahindi kichwani.

Kwangu suala lilikuwa wazi. Karatasi ilikuwa na kosa, kosa hurekebishwa, na miaka mitatu katika mchezo ule ni mingi. Nililieleza hilo mezani, Jumapili moja ya Julai, mbele ya Mama, ya mke wa Kaka, Mélanie, na ya binti yao Iteka. Nilikuwa nimeandaa hata jedwali.

"Mdogo wangu," Kaka alisema, "mguu yangu haijui kusoma karatasi."

"Kocha anajua kusoma," nilimjibu. "Na anachokisoma si kweli."

Iteka, ambaye hutuelewa sote lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema kwamba baba yake aseme tu ana thelathini na tisa, kwani kuna ubaya gani kuwa mdogo. Mama alimwambia anyamaze ale. Kaka aliweka kijiko chini.

"Baba alinipa hizo miaka tatu ili nyumba ikule," alisema. "Nyumba ilikula. Na wewe pia, Vénérand, ulizaliwa ukazikula. Sasa nizirudishe juu ya mpira?"

Nilikuwa na majibu matatu, Mjomba, yote mazuri. Nilimwambia kwamba Baba mwenyewe angetaka ukweli ujulikane. Kaka alisema hilo ni neno la mtu ambaye hajawahi kushika foleni, akanawa mikono na kutoka.

Hapo ningepaswa kukoma. Badala yake niliandika kurasa nne kwa Kocha Kelly, nikaeleza historia ya karatasi za wakimbizi, nikaambatisha jedwali, nikaahidi kwamba ushahidi wa parokia uko njiani. Sikumwambia Kaka. Niliamini kwamba atakapopata nafasi atanishukuru.

Jumanne iliyofuata kocha alimwuliza mbele ya wote kama ni kweli ana thelathini na tisa, kwa maana yuko tayari kuibadili orodha. Mrushaji wao ni kijana wa Kisamoa, Tavita, mwenye miaka ishirini na mmoja na mdomo usiolala. Alikuwa amekwisha kumpachika Kaka jina la Unko, yaani mjomba.

"Unko," alisema, "ukiendelea hivi, kufikia Krismasi utakuwa rika langu."

Vijana waliangua kicheko. Kaka alimwambia kocha: "Karatasi iko sawa. Niache kwenye arobaini na mbili, na unipime hivyo." Habari hizi alinipa Mélanie, si yeye. Yeye hakunisemesha kwa siku tisa. Kabla ya hapo, kila asubuhi alikuwa akinipitia kwa gari kunifikisha stesheni. Siku hizo tisa nilitembea, nikapata muda mrefu wa kujadiliana na mtu aliye mgumu kushindwa, yaani mimi.

Siku ya mwisho ya majaribio ilikuwa Jumamosi, tarehe thelathini Agosti, mchana. Nilikwenda bila kualikwa, kwa treni kisha basi, nikasimama nyuma ya uzio. Walijigawa wakacheza wao kwa wao, naye Kaka akapangwa upande wa Tavita. Katika kipindi chote cha kwanza Tavita hakumrushia mpira hata mmoja. Kaka alikimbia njia yake hadi mwisho, akageuka palepale alipoambiwa ageuke, mikono tayari, kisha akarudi mikono mitupu na kujipanga tena. Vijana wengine, walipoona mpira hauwajii, walikatisha njia au walikwenda walikotaka. Nilihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yangu: mara kumi na nne.

Nikiwa pale nilielewa jambo ambalo vitabu vyangu havikunipa. Mtu aliyeshika foleni miaka kumi anajua kukaa mahali anapotakiwa kuwa, hata siku ambayo lori la chakula haliji.

Mara ya kumi na tano, Tavita alibanwa na watu wawili na hakuwa na nafasi ya kuchagua. Alirusha bila kutazama, kuelekea mahali ambapo mtu alipaswa kuwepo. Kaka alikuwepo. Aliudaka na kuukumbatia kifuani kama ulivyomfundisha, akaanguka nao, akainuka. Baada ya hapo alirushiwa mara sita nyingine, akadaka tano. Ule mmoja ulimponyoka kabisa, na sitaki udhani nakuficha. Walipomaliza, nilimsikia kocha akimwuliza Tavita kwa nini alibadili mawazo.

"Kwa huyu sihitaji kutazama," Tavita alisema. "Unko hayuko haraka kwenda popote. Yuko pale."

Majina yalisomwa Alhamisi. La Kaka lilikuwa la sita, na umri uliosomwa ulikuwa arobaini na miwili. Kocha alimpa jezi na ujumbe wa kuniletea mimi: amwambie mdogo wake kwamba hesabu zake ni safi sana, lakini hakuzitumia.

Jana walicheza mechi ya kwanza, tukaenda sote. Walishindwa kwa pointi tatu. Kaka alidaka mipira minne, mmoja wa kufunga. Mama aliishika rozari kwa mikono miwili, na kila walipomwangukia aliniuliza, "Huyu mwanangu amewakosea nini?" Nilianza kumweleza sheria za mchezo. Aliniambia niache kuwatetea.

Lakini hadi jana, Mjomba, mimi na Kaka tulikuwa tukizungumza yale ya lazima tu. Leo baada ya misa alikuja na fomu ya bima ya wachezaji, ambayo inatakiwa kabla ya mechi ya pili. Aliiweka mbele yangu na kalamu.

"Wewe ndiye una mwandiko muzuri," alisema. "Jaza."

Nilijaza jina, anwani, jina la Mélanie na namba yake ya simu. Nilipofika penye tarehe ya kuzaliwa niliinua kalamu. Hakunitazama, alikuwa akimenya chungwa, taratibu, ganda lote kwa mkato mmoja. Nikaandika: 1 Januari 1983. Niliandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka. Aliichukua fomu, akaipitia yote, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akagawa chungwa, akanipa nusu.

Nisalimie mkaza mjomba Verdiane, na wanao Gloire na Bénie. Mwambie Bénie nimeipata picha ya mtoto, na kipaji cha uso ni chako kabisa. Wasalimie wanakwaya wote wa parokia ambao bado wanamkumbuka Baba. Mama anakuombea, dada yako hajalala usiku hata mmoja bila kukutaja. Mungu aliyetuvusha sote mito ile akuzidishie siku, akupe goti jepesi na mavuno mazito.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuheshimu nikiwa mbali,

Vénérand